Uzi Katika Jicho la Kulia

Jumapili, 1 Machi

Matone ya alfajiri, mara baada ya daku. Kichupa cheupe kwanza. Lazima kitikiswe vizuri, maana dawa yake hutuama chini kama chokaa. Usipotikisa unatia maji matupu. Nangoja kidogo. Kisha kile chenye kifuniko chekundu, kinachopanua mboni. Baada ya hicho siwezi kusoma kitu cha karibu, kwa hiyo naandika kabla.

Uchungu kooni tena. Msikitini wameniuliza kama matone yanavunja saumu. Imamu alishasema hayavunji. Mimi niliongeza maelezo ya shule: kwenye pembe ya jicho, upande wa pua, kuna tundu dogo linalopitisha machozi hadi puani, na kutoka puani hadi kooni. Ndiyo maana anayelia hupenga kamasi. Dawa inafuata njia hiyo hiyo. Ukibonyeza pembe ile kwa kidole, njia inaziba, uchungu unapungua. Walifurahi. Wazee wawili walijibonyeza hapo hapo, na hawana dawa yoyote machoni.

Jicho la kushoto limeshakwenda. Linaona mwanga, na kivuli cha mtu akipita. Nimebaki na la kulia, na sasa ugonjwa umehamia huko.

Mgongo umekaza kama kila asubuhi. Utalegea nikitembea.

Jumanne, 3 Machi

Kliniki ya macho. Daktari ni kijana, mikono yake imetulia. Ugonjwa wenyewe kwa Kifaransa unaitwa uvéite. Chini ya ule weupe wa jicho kuna utando wenye rangi na mishipa mingi ya damu. Huo ndio uliovimba. Hakuna mdudu aliyeonekana. Ni walinzi wa mwili wenyewe: wameingia katika nyumba isiyo na mwizi na wanavunja vyombo. Hivyo ndivyo ningewaeleza wanafunzi wangu, na hivyo ndivyo ninavyojieleza mwenyewe.

Anaona uchafu ukielea nyuma ya lenzi. Mimi nauona pia, kutoka ndani: vijidoa, na uzi mmoja uliopinda.

Anataka kurudia sindano ya kando ya jicho, ile niliyopigwa kabla ya mwaka mpya. Ilisaidia sana kwa wiki chache. Lakini ilipandisha presha ya jicho. Hiyo si presha ya moyo. Ni maji ya ndani yanayokosa pa kutokea, yanabana mshipa wa kuonea, na mshipa huo ukifa haufufuki. Nikamuuliza kama hakuna njia nyingine.

"Papa, kuna vidonge vya kutuliza mwili muzima. Lakini mimi niko wa macho. Mambo ya ini na damu, sitacheza nayo."

Amesema kweli. Sikuipenda.

Alhamisi, 5 Machi

Zawadi, binti yangu ninayekaa naye hapa mtaani Mabanga, amenipeleka kwa daktari wa viungo. Alisema ni kwa ajili ya mgongo. Alidanganya kidogo; habari za jicho alikuwa ameshamweleza.

Daktari huyu ni mama mtu mzima, anaandika huku anasikiliza. Alinibonyeza uti wa mgongo, akaniinamisha, akauliza unakaza asubuhi tangu lini. Nikasema tangu ujana, ni mabenchi ya shule.

"Mwalimu, mabenchi yanaumiza ukikaa. Hii yako inaumiza ukilala."

Ugonjwa ni mmoja, kwa maoni yake. Mgongo na jicho ni vyumba viwili vya nyumba moja. Hataki hata kusikia habari ya sindano ya jicho. Anataka vidonge vya kumeza mara moja kwa wiki, siku isiyobadilika, vya kuwatuliza wale walinzi. Vinachukua miezi kufanya kazi. Kabla ya kuanza, picha ya mapafu, ili kifua kikuu kilicholala kisiamke. Baada ya kuanza, damu ipimwe kila mwezi, ili ini lisiharibike kimya kimya.

"Na pombe hapana kabisa."

Niligusa kofia yangu. "Hapo hatutagombana, Dokta."

Kuna sindano nyingine, mpya, ya kujidunga tumboni, inayokaa ndani ya friji. Inapatikana ng'ambo ya mpaka. Alipotaja bei, Zawadi aliangalia viatu vyake. Hatukuizungumzia tena.

Nimerudi na hasira, na sijui ni kwa nani. Wa macho anatibu jicho kana kwamba limewekwa mezani peke yake. Wa viungo anatibu mwili, na jicho kwake ni dalili tu. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja ananionyesha mlango anaoujua. Wako mji mmoja na hawajuani hata kwa jina.

Ijumaa, 6 Machi

Simu ya jamaa baada ya futari. Rama, mwanangu mkubwa, ni dereva wa lori, yuko Butembo. Ndiye anayelipa sehemu kubwa, na kwetu anayelipa ndiye anayeanza kusema. Zawadi aliweka simu juu ya sahani iliyofunikwa ili sauti isikike vizuri.

Jambo moja nalieleza hapa ili nisilisahau. Vidonge ni rahisi kuliko sindano, rahisi hata kuliko kuku. Kinachogharimu ni kuvichunga: damu kila mwezi, daktari kila mwezi, na mwisho hauonekani. Sindano ya jicho inauma mfuko siku moja, kisha kimya. Na tangu benki za mji zifungwe kwa sababu ya vita, mtu mwenye pesa leo hawezi kuapa juu ya mwezi ujao. Kwa hiyo cha bei nafuu kinawatisha watu, na cha ghali kinawapumzisha. Sikuwahi kufundisha hesabu ya namna hii.

Rama alisema, "Papa, hiyo sindano tunalipa mara moja, tunapumua. Ni sawa na pneu ya gari: imetoboka, unaziba, unaendelea."

"Jicho haiko pneu, Rama," Zawadi akamjibu.

"Niko natoa mufano."

"Mufano yako njo ilikutupa mu mutaro kule Kanyabayonga. Wote tunakumbuka."

Tulicheka wote, hata yeye. Kisha akasema kwa upole kwamba damu ya kila mwezi hawezi kuiahidi, ila uamuzi ni wangu. Nilikuwa tayari na sababu yangu, na niliionea aibu.

Jumatatu, 9 Machi

Sababu yenyewe ni mwezi.

Kila ishirini na tisa ya Ramadhani, watu wa msikiti wetu hupanda ukingo wa ziwa dogo la Lac Vert, upande wa barabara ya Sake, kuutafuta mwezi mwandamo. Wanaoangalia ni wengi. Anayeulizwa ni mimi. Ilianza kwa sababu nilifundisha fizikia na nilijua pa kuangalia: huku kwetu, karibu na ikweta, mwezi mchanga hauendi pembeni, unashuka karibu wima, juu ya pale jua lilipozama, na pembe zake zinatazama juu kama bakuli. Nilikuwa nikinyoosha kidole, na wengine wakauona. Babu zao walitoka Kasongo pamoja na babu yangu, wananijua. Siku hizi hata wanaofuata matangazo ya mwezi ya redio za mbali huuliza kwanza Mwalimu amesema nini.

Mwaka huu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Vidonge vinataka miezi. Sindano inataka siku chache. Basi.

Naogopa kuambiwa nikae nyumbani. Naogopa hilo kama ninavyoogopa upofu. Leo sioni tofauti kubwa.

Jumatano, 11 Machi

Nimepigwa sindano. Ganzi, kisha uzito chini ya jicho, kama kidole kinachosukuma kutoka ndani.

Daktari alinionya tena juu ya presha. Aliuliza kwa nini nina haraka. Nikasema sikukuu. Alidhani nataka kuwaona wajukuu wakiwa wamevaa nguo mpya. Nikamwacha adhani.

Zawadi hakuuliza kitu njiani. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 15 Machi

Nimesoma Kurani ya herufi ndogo. Nimesoma maandishi ya mfuko wa unga nikiwa upande wa pili wa duka la Zawadi, kati ya vitenge vyake. Ukungu umepungua sana. Uzi bado upo, lakini mwepesi.

Nina furaha. Nilikula futari kama kijana. Nikamwambia Zawadi, unaona?

"Wewe njo unaona, Papa. Mimi niko nangojea."

Jumanne, 17 Machi

Duara za rangi kuzunguka taa ya duka. Kichwa kizito upande wa kulia. Najua maana yake; ni presha ya jicho, na daktari alishanionya mara mbili.

Sijamwambia mtu. Alhamisi iko karibu.

Ijumaa, 20 Machi

Watu wa msikiti wetu wamefunga leo tena, na ni kwa neno langu. Niandike ilivyokuwa jana.

Tulipanda Lac Vert kwa pikipiki ya kukodi kabla ya jua kuzama, Zawadi nyuma yangu na mkeka wa futari begani. Nilikuwa nimeshapiga hesabu nyumbani. Mwezi ulizaliwa alfajiri hiyo hiyo. Jua likizama ungekuwa mchanga mno. Wachache sana duniani wamewahi kuuona ukiwa na umri huo. Lakini siwezi kusema haiwezekani kabisa, kwa jicho zima na anga safi. Na anga ilikuwa safi. Hatari ilikuwa hapo.

Jua likaingia nyuma ya milima ya Masisi. Tukafuturu kwa tende na maji, tumesimama. Vijana wakaangalia, wakasema hakuna kitu. Saidi, fundi cherehani, rafiki yangu tangu shule ya msingi, alinigusa kiwiko.

"Muzee, ni wewe tunangojea. Mbuzi yangu iko nalia tangu asubuhi, nayo inataka kujua kama ni leo."

Watu walicheka. Kisha nikaangalia.

Nikauona. Mwembamba, umepinda, pembe juu, ukingo wake una mwanga, pale pale nilipotaka uwe. Moyo wangu ulinyanyuka. Mkono pia ulikuwa umeshanyanyuka, kidole kimenyooka. Nyuma yangu mtu alianza kusoma takbira kwa sauti ya chini.

Sijui kwa nini nilifanya nililofanya baadaye. Labda ni mazoea tu. Watoto niliwafundisha miaka yote kwamba ukishuku kipimo, sogeza chombo uone kama na kipimo kinasogea. Nikapeleka jicho kushoto, kwenye mnara wa simu. Mwezi ukaenda kushoto. Ulichelewa kidogo, ukafika, ukaelea juu ya mnara. Nikapeleka jicho kulia. Ukanifuata.

Ulikuwa uzi wangu.

Ningeweza kunyamaza. Mkono ulikuwa juu, takbira imeanza, redio za mbali zilikuwa zimeshatangaza sikukuu. Nani angenibishia?

"Umeona ao hapana?" Saidi akauliza.

Nikashusha mkono. "Sikuona."

"Lakini umeonyesha na kidole."

"Niliona ugonjwa wangu. Sikuona mwezi. Na jicho hili musiliulize tena."

Ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani. Sauti yangu ilitoka ya kizee. Kijana mmoja alinung'unika, si kwa siri, "Kesho njaa tena, juu ya jicho ya Mwalimu." Saidi akamgeukia: "Nyamaza. Hata mbuzi imepata siku moja ya kuishi, na yenyewe hailalamike." Walicheka kidogo, nami nilimshukuru kimoyomoyo. Lakini wakati wa kushuka hakuna aliyenisemesha.

Chini barabarani nilimwambia Zawadi habari ya duara za rangi. Alikunja mkeka, akaukunjua, akaukunja tena.

Jumamosi, 21 Machi

Idi. Sala, kisha pilau ambayo sikuisikia ladha. Wengine mjini walikula jana na wanatuangalia kama watu waliochelewa gari. Saidi ameleta mguu wa mbuzi. Ameusema msemo wake wa kila mwaka kwamba mbuzi huyu alikuwa mkaidi.

Rama amepiga simu. Habari ilimfikia huko huko Butembo.

"Papa, banasema ulikataa mwezi."

"Sikuukataa. Sikuuona."

Nyuma yake nilisikia injini ikizimwa.

"Na banasema ulikuwa umeshainua mukono."

"Ni kweli."

"Basi hiyo damu ya kila mwezi, tutalipa. Nitaongea na wadogo zangu. Kama wewe mwenyewe haujui nini iko inje na nini iko ndani ya jicho, hapo hakuna tena kuziba."

Niliweka simu chini. Nililia kwa macho yote mawili. La kushoto linalia vizuri kabisa, hata kama halioni.

Jumanne, 24 Machi

Presha ya jicho imepanda kama ilivyotabiriwa. Daktari wa macho ameongeza kichupa cha kuishusha. Hatapiga sindano tena, hata nikiomba. Nilimweleza habari ya mwezi. Hakucheka. Aliuliza kama uzi ulitangulia jicho au ulichelewa. Nikasema ulichelewa. Akaandika.

Kisha nilifanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema. Nilimpigia daktari wa viungo kwa simu ya Zawadi, nikamkabidhi daktari wa macho bila kumwuliza. Walianza kwa Kifaransa cha ofisini, baridi, kila mmoja akisema "mgonjwa wangu." Baadaye nikasikia sauti zikilegea. Mama yule aliuliza swali kuhusu matone. Kijana akauliza swali kuhusu ini. Nilikaa kwenye kiti kirefu cha mashine nikiwasikiliza kama mwanafunzi.

Wamegawana. Yeye wa viungo: vidonge, mapafu, damu. Yeye wa macho: presha, na kuangalia kama uvimbe unapungua. Matone ya kichupa cheupe yapunguzwe polepole, kadiri vidonge vitakavyoshika. Kila mmoja atamwandikia mwenzake.

Hasira ilirudi njiani. Kumbe mazungumzo yenyewe yalikuwa mafupi vile.

Ijumaa, 3 Aprili

Mapafu ni safi. Nimemeza vidonge vya kwanza. Nimechagua Ijumaa kwa sababu Ijumaa siwezi kuisahau, na kosa kubwa la dawa hii ni kuinywa kila siku kama nyingine.

Muuza dawa wa hapa Mabanga aliinama juu ya meza, akanong'ona, "Papa, hii ni ya kansa. Familia inajua?" Nilimweleza kwamba kwa kipimo kikubwa ndiyo, ni ya kansa, na kwa kipimo kidogo inatuliza walinzi wa mwili waliokasirika bure. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanong'ona tena, "Lakini familia inajua?"

Naogopa vidonge hivi. Naviogopa zaidi kwa kuwa ni vidogo.

Jumapili, 5 Aprili

Kichefuchefu jana mchana kutwa. Leo afadhali.

Daktari wa macho amepima eneo ninaloona kwa pembeni. Presha imeshuka, lakini kuna kipande upande wa pua kimekufa. Hakitarudi. Amesema huenda kilianza na sindano ya kwanza, hawezi kujua. Ni mpole. Mimi najua. Nilikitoa ili niuone mwezi ambao haukuwapo.

Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumamosi, 18 Aprili

Leo ni ishirini na tisa ya Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Mwezi huu haufungui wala haufungi saumu, kwa hiyo hakuna anayeutafuta. Nilimwomba Zawadi twende Kituku, ufukoni kwa wavuvi, kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Alijua si sambaza.

Mitumbwi ilikuwa inajiandaa kutoka. Akina mama walikuwa wanamalizia kuuza samaki, wanapunguza bei bila kuombwa. Tulisimama kando, karibu na mawe meusi, jua likazama. Nilimweleza pa kuangalia: tia alama pale lilipozamia, kisha panda juu moja kwa moja, polepole, kama mtu anayesoma ukuta.

Alipandisha macho polepole, mfuko wa sambaza mkononi.

"Uko pale, Papa. Mwembamba. Pembe juu."

Nikaangalia. Anga ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na uzi ukaja. Nikasogeza jicho. Ukanifuata, mvivu, umefifia kidogo kuliko mwezi uliopita, au natamani hivyo. Mwezi wenyewe sikuuona.

Nikamwambia aangalie pembeni, kwenye mitumbwi, kisha arudi.

Aliangalia pembeni. Akarudi.

"Bado uko pale pale."

Basi ni wenyewe.

Tulirudi taratibu kwa sababu ya mgongo, ambao leo hauumi sana. Damu inapimwa Jumatatu. Zawadi anakaanga sambaza, nyumba nzima inanukia.

Mwezi umeandama. Umeonekana Kituku, na Zawadi.